Barua kwa mwanangu: Pwani kwanza au ziwa kwanza?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na ile ratiba aliyoichora mkwe wangu nimeisoma mara mbili na miwani yangu. Siku sita za mwezi wa sita: Dar, Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, halafu Segera, Same mpaka Ziwa Jipe, na kurudi. Umeniuliza jambo moja tu, kwamba muanzie pwani au mpande kwanza ziwani ndipo mteremke baharini.

Nitakujibu. Ila mbona ratiba yote haina hata siku moja iliyoachwa wazi? Saa kumi na mbili mnaondoka, saa nne mmefika, saa nane mnaondoka tena. Safari isiyo na siku tupu si safari, ni kutumwa. Hilo nimelisema tangu mko wadogo, na baba yako akacheka, na bado nalisema.

Chukua hiyo Maziwe yenu, kile kisiwa cha baharini cha Pangani. Mmeandika saa tisa alasiri. Nani kawaambia kuwa saa tisa Maziwe itakuwepo? Babu yako alikikuta kisiwa kina mivinje, na kasa wanapanda kutaga. Leo hakuna mti hata mmoja, ni fungu la mchanga, na maji yakijaa linazama lote. Bamvua ya kwetu, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, hupwa asubuhi, kwenye saa nne hivi. Saa tisa maji yanakaribia kujaa. Mtalipa boti, mfike, nahodha awaonyeshe maji awaambie kisiwa kiko hapo chini. Tena mwezi wa sita upepo wa kusi unavuma, na bahari ya alasiri si ya asubuhi. Wajukuu wangu watatapika njia nzima. Mnaweza kuipanga barabara, na hata hiyo kwa kubahatisha: Saadani udongo wake ni mweusi, ukinyeshewa unashika tairi kama ugali mbichi, na masika nyingine huchelewa kuondoka. Bahari haipangwi. Ina saa zake, unazifuata wewe.

Kuhusu Bagamoyo sina la kusema, mnaijua kuliko mimi.

Sasa ziwa. Sijui kama unakumbuka kwa nini Jipe inatajwa sana nyumbani kwetu. Ulikuwa darasa la pili, mwaka 1993, na nusu ya njia ulilala mapajani mwangu. Babu yako alikuwa hajawahi kuvuka Muheza. Maisha yake yote alivua mdomoni mwa Mto Pangani, anauona unaingia baharini mpana, rangi ya chai ya maziwa, na kila masika unaleta magogo na majani ya miti asiyoijua. Alikuwa akiokota gogo analigeuza, anauliza, "Huyu katoka kwa nani?" Nilipoolewa na baba yako, Mpare wa Usangi, akaambiwa na wakwe kwamba yale maji anayovulia yanapita kwao. Yanatoka Jipe kwa Mto Ruvu, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakutana na Kikuletwa inayoleta ya Meru na Kilimanjaro, ndipo mto unashuka kuja kwetu. Tangu siku hiyo hakutupumzisha. Anataka kwenda kuona.

Tukaazima Peugeot 504. Ratiba aliandika baba yako, lakini aliyeishika mkononi ni mimi. Pangani alfajiri, Muheza tukanunua machungwa, na tulipokaribia daraja la Hale babu yako akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hapa si ndipo wanapoufunga mto wapate umeme? Tusimame niuone." Baba yako alishaanza kupunguza mwendo. Mimi nikasema, twende, tutasimama tukirudi.

Najua utasema nilikuwa na sababu. Nilikuwa nayo. Usangi wametuchinjia mbuzi, wazee wamekaa tangu asubuhi, na mimi ni mke wa mwana wao, nilikuwa natazamwa. Barabara ya kupanda kule milimani gizani, na gari la kuazima, isingefaa. Yote kweli. Lakini kusimama kwenyewe kungekula dakika ngapi? Kumi. Mbuzi angepoa. Nimeshayapiga hesabu haya mara nyingi, na kila mara zile dakika kumi zinabaki.

Kesho yake tukateremka Kifaru, tukaingia njia ya vumbi mpaka ziwani. Hapo ndipo moyo wangu unapotua. Ile Jipe si ziwa la kujionyesha. Kina kifupi, upondo unagusa chini, matete yamejaa kando mpaka maji unayatafuta, na wenyeji wanakwambia utazame viboko kabla hujachuchumaa. Mawingu yalikuwa yamefunguka, Kilimanjaro imekaa pale yote. Babu yako hakuitazama. Aliingia majini mpaka magotini, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akaonja tena. Akasema, "Kumbe huku bado mtoto."

Kisha akamwona mvuvi mmoja mtu mzima anashona wavu kando ya mtumbwi wake. Akakaa naye. Kiswahili cha yule kilikuwa cha kuokoteza, na babu yako Kipare hakijui, lakini saa mbili nzima walibishana juu ya fundo. Yule anaonyesha lake, huyu anafumua, anaonyesha la Pangani. Baba yako akatazama saa mara ya kwanza, mara ya pili, halafu akaivua akaitia mfukoni. Nampendea hilo mpaka leo. Wakaagana kwa kupeana: mzee wa Jipe akatoa perege wawili wakavu, babu yako akavua kofia yake ya kiua akamvika.

Kwa hiyo tulichelewa kuondoka. Daraja la Hale tulilipita saa tatu usiku. Giza. Nilimwona amegeuzia uso dirishani. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kila nilipomwambia twende Hale, asubuhi tu na jioni tumerudi, alijibu mguu umechoka. Lakini hadithi ya Jipe aliisimulia barazani mpaka watoto wa jirani wakaijua kwa moyo. "Tukafika Muheza, tukala machungwa, tukapita, tukafika Korogwe." Alikuwa akisema tukapita bila kunitazama. Huenda hakuwa na maana yoyote. Huenda kwake lilikuwa neno la njia tu, na mimi ndiye ninayelisikia vingine.

Haya, swali lako. Mkianzia pwani, mtafanya kama babu yako, mtaukuta mto mkubwa ndipo mwende kuuona mdogo, na wajukuu watakuwa wameshachoka watakapofika Jipe. Mkianzia ziwani, mtashuka pamoja na maji, mwisho wa safari ni madafu na mchanga, na watoto watavumilia gari wakijua bahari iko mbele. Nina jibu langu, mwanangu, liko hapa kwenye ncha ya kalamu. Silisemi. Nikilisema utalishika wewe, na mume wako atakaa kimya garini kwa heshima, na mimi kimya cha garini nakijua. Amueni wawili. Lakini siku tupu iwekeni, hata ikiwa ni kwa kuikata Saadani. Na ikiwa mmoja kati yenu, au mtoto, ataomba kusimama mahali ambapo hapamo kwenye karatasi, simameni.

Mkipita ziwani niletee perege wa kukausha, wadogo wadogo, wale wa kupikia nazi.

Na tarehe niambieni mapema, nitazame mwezi.

Mama yako,
Tanga