Rudisheni picha ilivyokuwa

Jana mfanyakazi wetu mgeni wa chumba cha chapa, yaani picha zinazochapwa karatasini kwa bamba la shaba lililochorwa, kaniletea skani ya *Kushushwa Msalabani*, chapa ya mchoraji Mholanzi Rembrandt, ya 1633, uso umejaa tabasamu. "Kushoto na kulia vilikuwa vimebadilishana, mzee, nikaiweka sawa." Ilibidi nikae. Basi mlioanza mwezi huu, nisikilizeni.

1. Mikono mikavu. Mezani penseli tu, kalamu ya wino ibaki mkobani.

2. Someni maandishi kabla ya picha. Ni Kilatini, huja baada ya jina la mtu: pinxit kapaka rangi, sculpsit kachonga, excudit katoa chapa. Na mwaka ulio kwenye bamba ni wa bamba, si wa karatasi uliyoishika.

3. Kushoto na kulia. Bamba likikandamizwa kwenye karatasi, kushoto huhamia kulia. Rembrandt hakujisumbua kuigeuza picha kwanza alipoichora bambani: kwenye mchoro wake wa rangi ulioko Munich yule bwana wa kilemba kasimama kulia, kwenye chapa yuko kushoto. Mnajua hilo. Mimi pia nililijua, darasani! Nikiwa na miezi minne kazini nikapewa kazi ya bango la maonyesho. Nikalinganisha na picha ya Munich, nikaona "kosa", nikabofya kitufe cha kugeuza. Maandishi ya chini yakasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikayakata, eti yanaharibu umbo. Bango likachapwa, mita mbili, likatundikwa hatua tatu tu kutoka kwa chapa yenyewe. Siku tatu sikusikia neno. Ya nne mama mlinzi wa ukumbi akaniita pembeni, sauti ya chini: "Mwanangu, huyu mnene wa kilemba amehama lini?" Nilitazama bango, nikatazama chapa, nikatamani sakafu inimeze. Jioni hiyo nilipanda ngazi mwenyewe kulishusha, na wenzangu wakanishikia ngazi huku wakibishana kama yule wa kilemba ndiye Nikodemu, mmoja wa waliomzika Yesu.

4. Msidhani mabingwa hawaharibu. Bamba la kwanza la picha hiihii lilimshinda Rembrandt: tindikali, ambayo ndiyo huchimba mistari, haikuuma shaba ipasavyo, akaanza upya kwenye bamba la pili, na ndilo tunalolijua. Hiyo si ruhusa, lakini.

Wewe kijana wa jana, faili la asili liko wapi? Niambie hukulifuta.