Mwanangu, kuhusu ule mfuko wa kuku uliouficha

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa sokoni na makelele yale sikuambulia kitu, hizo mbili nimesikiliza usiku nyumbani nimetulia. Nakuandikia kwa sababu nikiongea nitasahau nusu.

Kama nimekuelewa ni hivi. Hapo kazini kwenu Atlanta mchana watu wanachanga wanaagiza kuku wa Chick-fil-A, na wewe unampenda huyo kuku, ila yule dada anayekupa lifti kila jioni hagusi kabisa, kwa sababu anaishi na mwanamke mwenzake na anasema hela za ile kampuni zilitumika kuwapiga vita watu kama yeye. Walokole wa hapo kazini nao wanakwambia kula, hiyo ni kampuni ya watu wa Mungu. Juzi ukala, alafu ukaukunja mfuko ukauficha kwenye begi kabla ya kupanda gari yake. Sasa unaniuliza, mama, dini ya mwenye mgahawa inanihusu nini mimi mlaji?

Inakuhusu mwanangu, ila sio yote.

Unakumbuka mgahawa wetu pale Mbuyuni, Moshi, Ijumaa jua likianza kuzama nafunga mpaka Jumamosi jioni. Na Jumamosi ndo watu wanashuka kutoka Kibosho, Uru, Old Moshi kuja mjini, wenzangu wanauza mtori mpaka sufuria zinakauka na mimi mlango wangu una kufuli, na kodi ya fremu haijui sabato wala nini. Baba yako alikuwa anapiga hesabu ananyamaza tu. Kwaiyo ukiniambia yule mzee Truett Cathy, mwanzilishi wa hiyo Chick-fil-A, alifungua mgahawa wake Hapeville huko Georgia mwaka 1946 na toka mwanzo Jumapili anafunga, mimi namwelewa kuliko unavyodhani. Siku yake sio siku yangu ila kufuli ni lile lile. Mdogo wako kanitafutia kwenye simu, tumesoma wote, eti hata kwenye uwanja mkubwa wa mpira hapo Atlanta duka lao linafungwa Jumapili, siku ambayo mechi nyingi za timu yao ndo zinachezwa! Hapo nimemheshimu. Mauzo anayakosa yeye, mfanyakazi anapumzika, na mwenye njaa anavuka barabara anakula kwingine.

Sasa kuna jambo sijawahi kukwambia. Asubuhi kabla ya kufungua nilikuwa nawakusanya wasichana wa jikoni tunasali, wimbo mmoja, maombi, ndo tunawasha mkaa. Nilikuwa naona ni kitu kizuri sana na bado naona kusali ni kuzuri. Kulikuwa na binti mmoja Muislamu wa Pasua aliyekuwa anaosha vyombo, mtu mpole, kila siku alikuwa anasimama karibu na mlango anaangalia chini mpaka tumalize. Hakuwahi kuniambia kitu. Na mimi sikuwahi kumuuliza, nilijiambia simlazimishi mtu, si amesimama mwenyewe. Alikaa miezi saba akaondoka akaenda kuosha vyombo kwingine kwa hela ndogo kuliko niliyokuwa nampa mimi, na mwenzake ndo akaja kuniambia kwa nini. Yaani niliumia mwanangu. Angesemaje na mshahara nautoa mimi? Nilidhani nampa baraka kumbe nilikuwa namlipisha dini yangu kila asubuhi kwa kichwa chake kuinama pale mlangoni. Nilimtafuta nikamuomba msamaha, akanisamehe, ila kurudi hakurudi.

Toka hapo dini ya mwenye biashara yoyote naipima hivyo, naangalia anayelipa ni nani. Mimi kukosa mauzo ya Jumamosi, nalipa mwenyewe. Mgahawa wangu kutokuwa na bia wala kitimoto, nalipa mwenyewe, na wateja wengine walihama kweli. Ila yule binti, nilimlipisha yeye.

Sasa njoo kwa hao wa kwako. Mwaka 2012 Dan Cathy, mtoto wa yule mzee, ndo alikuwa rais wa kampuni, akasema hadharani kwamba wao wanasimama na ndoa ya mume na mke. Kusema ni haki yake na mimi imani yangu kuhusu ndoa unaijua, sitaibadilisha leo ili nionekane wa kisasa. Ila hakukuishia kwenye kusema. Taasisi ya hisani ya familia yao, WinShape, ilikuwa imeshatoa mamilioni ya dola kwa makundi yanayopinga ndoa za jinsia moja, wakati huo watu wanazipigania kwenye sheria. Na hela hiyo inaanzia kwenye mkate na kuku. Huyo dada yako wa lifti angekula pale angekuwa anachangia upande unaopigana na nyumba yake, na hakuna aliyemuuliza kwenye kaunta kama anataka kuchanga. Ndo maana akisema mimi sili pale usimwone mtu wa visa, ana akili zake timamu na anajua hela yake inaenda wapi.

Alafu tukasoma kuhusu ile foleni. Mike Huckabee, aliyewahi kuwa gavana wa Arkansas, akawaita watu waende kula pale tarehe 1 Agosti 2012 kuiunga mkono kampuni, na watu wakajaa foleni ndefu. Mimi nisingesimama kwenye foleni ile, na nakwambia kama mtu anayeshika sabato. Wengine walienda kwa moyo mzuri, sikatai, ila foleni ya namna hiyo mwenzako anaiangalia akiwa ng'ambo ya barabara na anajua imepangwa kwa ajili yake. Nisingeweza kumeza.

Ila na upande wa pili walikosea. Meya wa Boston akaandika barua kwamba hawatakiwi kule, na Chicago diwani mmoja akasema atazuia kibali cha duka lao. Hapo nilishtuka, maana mimi nimewahi kukaa kwenye benchi nasubiri leseni. Mteja akinikataa ni sawa, hela ni yake. Mwenye muhuri akinikataa kwa sababu ya ninachoamini, kesho atamkataa na mwenye bucha ya halali.

Na sisi tusijione wastaarabu sana. Mwaka 1993 bucha za nguruwe zilivunjwa Dar, nakumbuka tulivyokuwa tunasikiliza redio kimya. Na 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja ulifika mpaka mchungaji akauawa. Kwa ajili ya nyama mwanangu, nyama! Ndo maana unakumbuka kuku wangu wote nilikuwa nampelekea yule mzee wa sokoni anachinja kwa utaratibu wa Kiislamu, na kuna waumini wenzangu walinisema sana kwa hilo. Mimi nilitaka Muislamu, Mlutheri, Mkatoliki na mimi mwenyewe tukae meza moja tule bila mtu kuuliza swali, na haikunipunguzia imani hata chembe.

Kuna kitu kingine tumesoma nikakaa nacho muda mrefu. Juni 2016 mtu aliua watu 49 kwenye klabu ya mashoga Orlando, ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Siku hiyo hiyo baadhi ya wafanyakazi wa Chick-fil-A wa Orlando wakaingia jikoni, Jumapili, wakapika wakawapelekea bure watu waliopanga foleni kuchangia damu. Hapo nikakumbuka ile habari ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato. Na Novemba 2019 kampuni ikatangaza kwamba kuanzia 2020 misaada ya taasisi yao itaenda kwenye elimu, wasio na makazi na njaa. Wakristo wengi wakawakasirikia wakasema wameuza imani, na wengine wa upande wa huyo dada wakasema hatuwaamini bado. Mimi kwa hapo walipofika ningekula. Yeye ana haki ya kutokula maana aliyeumia ni yeye, na mwenye kidonda ndo anajua kimepona lini.

Kwaiyo ukitaka kula, kula, sio dhambi na sio kumsaliti mtu. Ila ukitoka nae wewe na yeye msiende pale, na siku akiwa mezani na nyie wengine wanaagiza, agiza kwingine ule nae, ni mlo mmoja tu hutakufa. Na hao walokole wasikufanye uape kwa kuku.

Kinachoniuma mimi ni ule mfuko. Uliuficha mwanangu. Mtu anakutoa kazini kila jioni, barafu ikidondoka anakusubiri mpaka uingie ndani ndo anaondoka, wewe mwenyewe ulinisimulia, alafu unakaa pembeni yake na harufu ya kuku kwenye begi ukidhani hasikii. Anasikia. Mwambie. Mwambie nilikula, sikujua nikwambieje, niambie wewe linakuumaje. Alafu nyamaza umsikilize, usianze kumweleza mambo ya dini hata kama yamekujaa kifuani. Mimi kwa yule binti wa Pasua nilichelewa miezi saba.

Huku mvua zimeanza vizuri, mlima siku tatu hauonekani. Shangazi yako wa Same kaleta mahindi na maharage, nimepika makande tumekula mpaka basi, mdogo wako kala sahani yako pia. Ijumaa usipige baada ya saa kumi na mbili ya huku, piga Jumapili.

Na huyo dada msalimie. Mwambie mama yangu wa Moshi anashukuru sana kwa lifti.

Mama yako