Beberu mwenye kende moja

SWALI: Dokta, shikamoo. Nina beberu wa miezi minne, chotara wa Boer (wale mbuzi wa nyama), ana mwili mzuri na ameshaanza kusumbua majike. Tatizo ana kende moja tu. Jirani anasema mama yake aliruka mtaro akiwa na mimba, ndiyo maana nyingine ikakwama. Je, itashuka akikua? Nilitaka awe dume la zizi.
Mfugaji, Kongwa

JIBU: Marahaba. Usitegemee kwamba itashuka, na mama wa watu msimsingizie, mtaro hauhusiki.

Kende haziumbiki mfukoni. Huanzia juu, upande wa mgongo karibu na figo, mtoto angali tumboni. Kila moja imeungwa na kamba laini iendayo hadi kinenani. Homoni za kende zenyewe huivimbisha kamba hiyo, njia ya kinenani ikapanuka, kisha kamba husinyaa na kende ikashuka. Kwa mbuzi hayo hutokea karibu na mwezi wa tatu wa mimba, kwa ng'ombe karibu na wa nne. Farasi ndiye mchelewaji: zake hushuka siku za mwisho kabla ya kuzaliwa, au baadaye kidogo. Mwenye farasi akiniambia tungoje, namwelewa. Wewe wa mbuzi wa miezi minne unangoja nini?

Ila mpapase kwanza. Fanya hivyo jua likishapanda, maana kukiwa na baridi mnyama huzivuta kende juu. Mtu amshike kichwa, wewe kaa nyuma, teremsha vidole taratibu toka kinenani hadi mfukoni. Huenda ukaikuta imelala kinenani chini ya ngozi, ndogo kuliko mwenzake. Usipoigusa, imo tumboni. Kwa mbuzi mara nyingi hubaki ya kulia.

Kuzalisha atazalisha, kwa hiyo moja iliyoshuka. Hapo ndipo wafugaji wanaponaswa: majike wanashika mimba, mtu anaona mambo safi. Kasoro hii hurithiwa. Kwa mbuzi wa Angora, wale wa kufugwa kwa manyoya, hilo linajulikana vizuri, na majike huibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo huyo asipande, na mama yake usimrudishe kwa dume lililomzaa beberu huyu.

Ukitaka kumhasi, usibane burdizo, lile koleo la kuhasi, kwenye hiyo moja ukadhani umemaliza. Iliyojificha haitoi mbegu, kwa kuwa joto la tumboni, nyuzi 39 hivi, ni kali mno kwake, lakini homoni ya kiume inaendelea kutoka. Utabaki na mbuzi asiyezalisha lakini anayenuka beberu, anapanda na kupigana kama kawaida. Kuitoa ni upasuaji wa daktari wa mifugo, na gharama yake kwa mbuzi wa nyama sioni kama inalipa. Mnenepeshe, umuuze au umchinje kabla harufu haijakolea.

Dume jipya ukienda kulinunua mnadani, peleka mkono nyuma kabla ya kutaja bei. Muuzaji akinuna, mwache anune.