Mnyororo wa ugavi endelevu hupimwa kwenye mkataba wa ununuzi

Ndugu yangu, umeuliza kampuni hufanya nini ili mnyororo wake wa ugavi, yaani njia ya mali kutoka shambani hadi kwa mnunuzi, uwe endelevu, na kama cheti kinatosha. Nitakujibu kwa niliyoyaona nikiwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa mkoani Kilimanjaro.

Kazi ya kwanza ni kujua mali imetoka shamba gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa, inamtaka mwagizaji aonyeshe mahali lilipo kila shamba, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 laweza kuonyeshwa kwa nukta moja ya ramani, na vihamba vyetu vingi, yaani mashamba ya nyumbani, havifiki hata hekta moja. Hata hivyo, mibuni yetu hukaa chini ya migomba na miti ya kivuli, kiasi kwamba picha ya setilaiti yaweza kukiona kihamba kama msitu, na hapo hakuna budi mtu afike kwa miguu. Mnunuzi mmoja aliwalipa posho vijana wetu waliopima, kisha akatuachia nakala ya takwimu. Mwingine alituma fomu tu, akataka irudi kabla ya msimu. Wote wawili walijitangaza kuwa ni endelevu.

Kuhusu cheti, kinasaidia, lakini kwa mpaka wake. Fairtrade, cheti cha biashara ya haki, huongeza senti 20 za dola kwa kila ratili ya kahawa, ila nyongeza hiyo hulipwa kwa kiasi kilichonunuliwa kwa masharti ya cheti hicho pekee. Chama kikikosa mnunuzi wa namna hiyo, kahawa iliyobaki huuzwa kama nyingine yoyote, ilhali gharama za ukaguzi zimekwisha kulipwa.

Ndiyo maana mimi hutazama kwanza muda wa mkataba. Miche bora ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, huhimili chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani, hivyo hupunguza sana dawa za kupulizia, jambo ambalo kampuni zote husema zinalitaka. Lakini mche huo huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, na sijamwona mkulima aliyekuwa tayari kung'oa mibuni ya baba yake kwa ajili ya mnunuzi anayeahidi msimu mmoja.