Ukimpeleka majeruhi hospitali, beba na saa ya ajali

Mdogo wangu aliangushwa na gari aina ya Noah akiwa kwenye bodaboda, barabara ya Moshi–Arusha, kabla hujafika Boma Ng'ombe. Ilikuwa Desemba, ule msimu ambao Wachaga wa dunia nzima wanarudi nyumbani na barabara haipitiki. Mguu ulivunjika mfupa ukachungulia nje, kichwa kikapiga lami. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila imening'inia kwenye usukani, kama wanavyofanya wengi.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile watu wananipigia simu wakipata mgonjwa wa ajali: dada, tufanye nini? Wengi wanatarajia niwaambie daktari wa kumtafuta, au kiasi cha hela. Mimi huanza na swali moja: ajali imetokea saa ngapi?

Nilifika mapokezi na shemeji yangu, mke wake, yeye kandambili moja mguuni. Kijana wa kuandikisha akauliza saa ya ajali. Nikajibu, saa mbili. Akaandika. Tukasukuma machela ndani. Baadaye daktari akaja na karatasi mkononi, amekunja uso: "Huyu mmekaa naye wapi tangu usiku wa manane?" Nikamwambia hatujakaa naye popote, tumetoka naye barabarani sasa hivi. Akanionyesha karatasi. Imeandikwa 2:00.

Unaona mkanganyiko wetu? Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na tena kuanzia linapozama, fomu zinahesabu kuanzia saa sita usiku. Saa mbili usiku ya mtu wa Machame ni 20:00 ya fomu. Kwa maandishi yale mdogo wangu alikuwa ameumia karibu saa ishirini zilizopita, ilhali ukweli hazikuwa zimefika mbili. Daktari akauliza tena, una uhakika? Hapo nikakwama, maana mimi sikuwepo. Nikampigia yule muuza mishkaki aliyetupa taarifa. Akasema bila kusita: "Taarifa ya habari ndiyo inaanza, ule mlio wake nimeusikia, mara puu!" Daktari akafuta, akaandika 20:00, akamwambia sista aanze dawa.

Dawa yenyewe ni asidi ya traneksamiki. Inasaidia damu iliyoganda isiyeyuke ovyo, kwa hiyo kuvuja kunapungua. Waliogundua ni mke na mume wa Japani, Utako na Shosuke Okamoto, miaka ya 1960, na kwa muda mrefu haikuwa inafikiriwa kwa majeruhi. Kisha mwaka 2010 yakatoka majibu ya utafiti mkubwa uitwao CRASH-2: majeruhi 20,211, hospitali 274, nchi 40. Nusu walipewa dawa, nusu walipewa maji yasiyo na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Waliopewa dawa walikufa 14.5 kwa kila mia, wengine 16. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uhesabu wangapi wanavuja damu duniani kila siku.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kile watafiti walichokiona walipochambua kwa saa. Ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kuumia inaokoa, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Ikitolewa baada ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu viliongezeka. Dawa ni ile ile, chupa ni ile ile, kinachobadilika ni saa. Na saa hiyo daktari hana. Anayo muuza mishkaki, anayo konda wa Hiace, unayo wewe.

Kwa hiyo ukifika eneo la ajali, au ukipigiwa simu, uliza saa na uiandike kwenye meseji ujitumie mwenyewe. Useme "saa mbili usiku", usiseme "saa mbili" tupu. Usipoijua, tafuta kinachoifunga: adhana, taarifa ya habari, simu ya mwisho aliyopiga. Tena ukipewa rufaa kutoka kituo cha afya, hakikisha saa ile ile imeandikwa kwenye barua, pamoja na dawa alizokwisha kupewa na zimetolewa saa ngapi. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ni muhimu, ndiyo, ila mtu mmoja aende polisi na mwingine abaki na mgonjwa. Mgonjwa wa dharura anaanza kutibiwa, karatasi inafuata.

Jambo la pili lilinichekesha baadaye, siku ile halikuchekesha.

Sista alikuwa anampima fahamu. Kipimo kile kilitolewa mwaka 1974 na madaktari wawili wa Glasgow, Uskoti, Graham Teasdale na Bryan Jennett, na hakihitaji mashine yoyote. Unatazama vitu vitatu. Macho: yanafumbuka yenyewe, kwa kuitwa, kwa kuumizwa, au hayafumbuki, hadi alama 4. Maneno, hadi 5. Mwili unavyotii au kukwepa maumivu, hadi 6. Jumla ya juu ni 15. Ya chini ni 3, maana hakuna sifuri, hata maiti angepata 3. Kuanzia 8 kushuka jeraha la kichwa linahesabiwa kubwa, 9 hadi 12 la wastani, 13 kwenda juu dogo.

Sista, ambaye lafudhi yake ilikuwa ya Kanda ya Ziwa kabisa, alimwita jina, macho yakafumbuka. Tatu. Akamwambia kunja ngumi, akakunja. Sita. Akamuuliza uko wapi. Mdogo wangu akamimina maneno. Sista akaandika 3, yaani maneno maneno tu yasiyo na mpangilio. Mimi niko pale pembeni nimeshika koti lenye damu, nasikia kila kitu: anaongea Kimachame! Anauliza ufunguo wa pikipiki uko wapi, na kwamba hesabu ya tajiri imo kwenye mfuko wa ndani wa koti, tusiipoteze. Sentensi nzima nzima. Nikamwambia sista, huyu anaongea kikwetu, tena anadai hela. Akanitazama, akacheka kidogo, akaniambia nimuulize kwa lugha hiyo hiyo yuko wapi. Akajibu yuko Boma. Kwa hiyo hakuwa sawasawa, lakini alikuwa anaongea. Sista akafuta 3 akaweka 4, jumla ikatoka 12 ikawa 13.

Alama moja imembadilisha kundi. Na namba ile ndiyo wanaipima tena baada ya nusu saa, baada ya saa moja, kuona anapanda au anashuka. Wakianza na namba isiyo yake, kushuka kwake kunaweza kujificha. Mtu aliyegonga kichwa, hata kilugha alichokiacha utotoni kinaweza kumrudia. Mwambie muuguzi anaongea lugha gani. Mwambie pia kama sikio lilikuwa halisikii tangu zamani, au jicho moja lilikuwa bovu. Na usidanganywe na neno "dogo". Dogo la kitabu halina maana mgonjwa arudi nyumbani akalale. Wetu alipigwa CT, ile picha ya ndani ya kichwa, usiku ule ule.

Tena pombe. Shemeji alikataa katakata kwamba mumewe alikunywa, na mimi nilikuwa nasikia harufu. Nilimvuta pembeni nikamwambia, mama, hapa hatuko polisi. Ukificha, daktari hajui usingizi huu ni wa pombe au wa damu inayokusanyika kichwani. Na ukisema, mwambie pia alikunywa kiasi gani, ili asije mtu akasema "huyu kalewa tu, aachwe alale". Mlevi naye anapasuka kichwa. Pale hospitali ya KCMC, hapa Moshi, watafiti wamelifanyia kazi jambo hili kwa njia niliyoipenda: mazungumzo mafupi na majeruhi wanaokunywa, wakiwa bado hospitali, chini ya jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Mtu akiwa amelala na mguu umefungwa, anasikiliza kuliko akiwa kilabuni.

Kuhusu mguu nitasema kwa kifupi. Barabarani jamaa mmoja alitaka kuumwagia maji ya sabuni ya unga, "kuua wadudu". Muuza mishkaki akamzuia, akaufunika kwa kitenge kisafi na kukandamiza palipovuja. Alifanya vizuri. Kuosha kidonda cha mfupa uliotoka nje ni kazi ya chumba cha upasuaji, na hata huko sabuni imejaribiwa: utafiti wa FLOW, uliochapishwa mwaka 2015 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 2,400, ulikuta waliooshwa kwa sabuni walirudishwa kupasuliwa mara nyingi kuliko waliooshwa kwa maji ya chumvi peke yake. Siku zote tungeapa sabuni ni bora.

Asubuhi ya pili akaja dada mmoja na fomu. Wanafuatilia majeruhi wa kichwa kwa ajili ya utafiti, anaomba ridhaa ya familia kwa kuwa mgonjwa hajawa sawa. Baba mdogo akasimama. "Hatutaki! Mtoto wetu si panya. Kama daktari anajua dawa, ampe. Kama hajui, aseme." Wodi nzima ikageuka.

Nilielewa hofu yake. Ila sentensi yake ya mwisho ndiyo yenye kasoro, kwa sababu daktari anaweza kuamini kabisa anajua na kumbe hajui. Kwa miaka mingi waliogonga kichwa walichomwa sindano za steroidi, wakiamini zinapunguza uvimbe wa ubongo. Zilitumika nchi nyingi, na waliozitoa hawakuwa wajinga. Utafiti wa kwanza wa CRASH ukazipima kwa watu 10,008, majibu yakatoka mwaka 2004: ndani ya wiki mbili waliochomwa walikufa 21.1 kwa mia, wasiochomwa 17.9. Ilikuwa inaua. Bila wale walioweka saini, tungekuwa tunaichangia harambee hadi leo tuinunue.

Hilo halina maana usaini kila karatasi. Mimi nilimwomba yule dada tukae kwenye benchi, nikamuuliza mpaka akachoka. Kibali mmepata wapi? Akanionyesha muhuri wa kamati ya maadili. Utafiti wa afya hauwezi kuanza bila kibali cha kamati ya maadili. Nikikataa mtamtibu vilevile? Ndiyo, na ajibu hivyo bila kupepesa, la sivyo inuka uondoke. Mnampa dawa au mnaandika tu? Wanaandika tu. Ingekuwa dawa ningeuliza wanaigawaje kwa kura, na yule asiyeipata atapewa nini. Kipimo cha ziada nani analipa? Mgonjwa akizinduka akasema hataki? Anatoka. Kisha nikaomba nakala ya fomu, ya Kiswahili, yenye namba ya simu ya kuuliza. Baba mdogo alisoma kurasa zote nne, akarudia, akasema, "Basi saini wewe, mimi sijui kitu."

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kazi kubwa ilikuwa bado. Wanapiga simu, tena miezi mingi baadaye, kwa sababu jeraha la kichwa halipimwi siku ya kutoka wodini. Linapimwa kama mtu anarudi kazini, anapanda gari mwenyewe, anakaa na watu. Wengi wetu tunabadilisha laini au tunakata simu tukidhani ni matapeli, na mgonjwa anapotea kwenye daftari. Toeni namba mbili, moja iwe ya mtu asiyehama. Sisi tulitoa ya mama.

Simu ya mwezi wa sita ilitukuta nyumbani tunakunywa mtori. Mdogo wangu akaweka spika. Unajihudumia mwenyewe? Ndiyo. Umerudi kwenye pikipiki? Nusu siku. Unapatana na watu wa nyumbani kama zamani? Akajibu haraka, "Niko fiti kabisa, dada, hakuna shida."

Shemeji akaweka bakuli chini, akachukua simu mezani. "Samahani dada, hilo la mwisho usiandike kwanza. Muulize na mimi nikiwepo."