Macho yako: Nataka kuvaa lenzi, huko kwa dokta nitafanywa nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni mdada wa Masasi, navaa miwani tangu sekondari, namba yangu mainasi 5 macho yote. Disemba dadaangu anaolewa Mtwara mjini na mi ndo mpambe wake, sitaki kutokea na miwani kwenye picha zote. Kuna saluni wanauza lenzi za rangi wanasema hazihitaji kupimwa, mwingine kanambia lazima upimwe na huko wanakutia vidole machoni. Cheti changu cha miwani hakitoshi? Na nikishavaa naweza kutawadha, kwenda shamba kama kawaida?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongereni kwa harusi. Naanza na hao wa saluni maana wamenikera. Lenzi ya rangi hata kama haina namba yoyote inakaa juu ya kioo cha jicho kama lenzi nyingine zote, kwa hiyo inapimwa. Kile kioo, tunakiita konea, hakina mishipa ya damu, oksijeni yake kinaipata hewani kupitia machozi, sasa ukikiwekea lenzi inayobana wewe unaona umependeza kumbe jicho linakosa pumzi. Na ile ya mashosti kuazimana, huyu kavua yule kavaa, hapana kabisa.

Cheti cha miwani hakitoshi. Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi imelala palepale juu, na kwa namba kubwa kama yako hesabu inabadilika, mainasi 5 ya miwani inaangukia kama mainasi 4.75 ya lenzi. Halafu cheti hicho hakisemi mbinuko wa jicho lako wala upana wa lenzi inayokufaa. Lenzi laini nyingi zina mbinuko wa milimita 8.4 hadi 8.8 na upana wa kama 14, ndo maana cheti cha lenzi kinaandikwa kivyake.

Sasa siku yenyewe. Kabla ya mashine utaulizwa maswali mengi, una aleji, una sukari, unatumia dawa gani, kazi yako nini, na hapo usifiche habari za shamba. Utasoma herufi kama ulivyozoea, utachungulia mashine yenye kapicha ndani inayokisia namba na kupima mbinuko, kisha utaweka kidevu kwenye ile yenye taa kali dokta akuangalie kwa karibu. Atakugeuza kope, anaweza kukugusishia dawa ya rangi ya machungwa ambayo chini ya taa ya bluu inang'aa kijani, hiyo inamwonyesha kama konea ina mikwaruzo na machozi yako yanatanda juu ya jicho sekunde ngapi kabla hayajakatika. Yakikatika chini ya sekunde 10 atakuhesabu kwenye macho makavu, na macho makavu na lenzi hawapatani sana. Hakuna kinachouma hapo, taa tu inakera.

Baada ya hapo unawekewa lenzi ya majaribio. Utatokwa machozi kidogo, ni kawaida, unakaa nje dakika 15 au 20 itulie halafu unarudi kwenye taa. Anachotafuta ni lenzi isogee kidogo ukipepesa, isiposogea imebana, ikiteleza ovyo imelegea, anabadilisha. Ukiwa na astigmatizimu, yaani kioo cha jicho hakijabinuka sawa pande zote, itachukua muda zaidi maana lenzi yake haitakiwi kuzunguka jichoni, kwa hiyo usiende siku una haraka ya basi.

Kuhusu vidole, ni kweli, ila ni vya kwako. Utafundishwa kuvaa na kuvua, na mi nasema usikubali kuondoka mpaka umevua mwenyewe macho yote mawili, maana kuvaa wengi wanaweza, kasheshe iko saa nne usiku unataka kulala na lenzi haitoki. Haiwezi kupotelea nyuma ya jicho, kuna utando umeziba huko, mwisho itajificha chini ya kope. Kucha fupi lakini, kwa hiyo zile za bandia za harusi mjue mtafanyaje. Siku yenyewe vaa lenzi kwanza ndo mekapu ifuate, na usiku vua lenzi kabla hujafuta mekapu.

Kuna kurudi tena baada ya wiki moja au mbili kuangaliwa, kwa hiyo usingoje wiki ya harusi, anza Septemba. Ulizia kwanza hospitali ya Ndanda au Ligula kama wanapima lenzi, maana si kila wanapotoa miwani wana lenzi za majaribio, na wakikuelekeza Dar hesabu nauli ya mara mbili.

Kutawadha hakuna shida, fumba macho vizuri ukinawa uso, ujifute kabla ya kufumbua. Maji ndo adui, ya bomba, ya kisima, ya bahari, kuna kidudu kinaitwa akantamiba kinaishi humo na kikishika konea kinaweza kukupofusha, kwa hiyo lenzi haioshwi kwa maji, ni dawa yake tu, na mpya kila siku, usiongezee juu ya ya jana. Kikopo cha kuhifadhia lenzi badilisha kila miezi 3. Shamba nenda na miwani yako. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, au mkiwa mnabangua kwa moto na ule moshi, lenzi ibaki nyumbani. Jicho likiwa jekundu, linauma au unaona ukungu, vua, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Dokta, naendesha boda Nachingwea, vumbi si mchezo. Lenzi itanisaidia kuliko miwani?

JIBU: Hapana kaka, lenzi haizuii vumbi, na punje ikiingia chini yake utasimamisha boda katikati ya barabara. Baki na miwani na ushushe kioo cha helmeti. Ukitaka lenzi kwa ajili ya mpira jioni sawa, kapimwe, ila mikono yenye grisi ioshe kwa sabuni na ikauke kwanza.