Kiburi kinachovaa joho la kwaya: tunajibu barua zenu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha kwaya kwa muda mrefu. Mchungaji aliniita akasema waimbaji wanalalamika kwamba nawafokea, hivyo kijana mmoja anisaidie kufundisha. Tangu hapo sijakanyaga mazoezini. Mke wangu anasema ni kiburi. Mimi naona nimevunjiwa heshima. Nitajuaje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Asifiwe sana. Kuumia ukionywa si kiburi. Angalia ulichofanya baada ya kuumia. Soma 2 Mambo ya Nyakati 26. Mfalme Uzia wa Yuda alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala 52. Alijenga minara, alichimba visima, alipenda kilimo. Alipopata nguvu akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani. Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamfuata, wakamwambia atoke. Sasa tazama mstari wa 19: ukoma haukumpata alipovuka kizingiti. Ulimtokea kwenye kipaji cha uso alipowaghadhibikia waliomwonya, chetezo, chombo cha kufukizia uvumba, kingali mkononi. Nafasi ya kugeuka alikuwa nayo. Wewe bado unayo.

Kiburi cha watumishi ni kigumu kukitambua kwa sababu kinasema lugha ya huduma: "kwaya itakufa", "hawajui nilikoitoa". Jiulize hili: wimbo ukiimbwa vizuri bila wewe, utafurahi au utatafuta kasoro?

Rudi kwa mchungaji umuulize ni maneno gani yaliyowaumiza. Usiulize nani kayapeleka. Kisha omba radhi mazoezini, mbele ya wale wale uliowafokea, si Jumapili mbele ya kanisa zima. Ushuhuda wa "Bwana amenivunja" nao huweza kuwa jukwaa jipya. Taja kosa lenyewe: "Niliwaita wazembe. Nimekosa. Nisameheni." Inatosha. Ukisema "kama kuna niliyemkwaza", hujatubu bado, na ukiongeza "lakini" umefuta yote.

Kijana umpe wimbo mzima aufundishe, si kupasha sauti tu. Wewe kaa na besi, uimbe besi. Hapa ndipo wengi huanguka: mdomo umenyamaza, uso unasahihisha, na waimbaji wanautazama uso wako badala ya mkono wake. Ukiona kosa, mwambie baadaye mkiwa wawili, kosa moja kwa siku. Na usitegemee kufunga peke yake kukuponye. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, na bado alijisifu mbele za Mungu.

SWALI: Nimependekezwa kuwa mzee wa kanisa. Nimekataa mara mbili, kwa unyenyekevu. Nimefanya vema? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Inategemea unalinda nini. Sauli alijificha penye mizigo siku aliyochaguliwa kuwa mfalme (1 Samweli 10:22), na katika sura ya 15 mstari wa 12 yuko Karmeli amejisimamishia ukumbusho wake mwenyewe. Kuogopa kuaibika na kupenda sifa hukaa nyumba moja. Wakikujia tena, waandikie wazee unachoweza, usichoweza, na saa ulizo nazo kwa juma, kisha waache wao wapime. Kama kinachokuzuia ni mgonjwa nyumbani au kazi ya zamu, sema hivyo waziwazi, usikiite unyenyekevu.

SWALI: Mimi ni msaidizi wa mweka hazina wa kanisa. Nikiomba stakabadhi za matumizi naambiwa nina kiburi, nijishushe. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Endelea kuomba. Paulo alipobeba mchango wa watakatifu alisafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asiwalaumu (2 Wakorintho 8:19-21). Hata Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, "Wanipigia nini?" Kilicho juu yako ni namna ya kuomba: kwa maandishi, tarehe na kiasi vikiwa vimetajwa, na jambo lipelekwe kwenye kikao cha kamati, si mlangoni baada ya ibada watu wakisikiliza. Nakala ibaki kwenye faili la kanisa.